Jinsi ya kulinganisha mashine za kunyolea za mshazari bila kuharibu kidevu chako

Wakuu, naandika hii kwa sababu kila nikikaa kijiweni Kijenge, hapa Arusha, mtu lazima aulize kidevu changu kimepona vipi, na nikimwambia natumia mashine ya wembe anaguna, maana wengi tulishakimbilia ile ya umeme ya saluni, na waliobaki wanatumia zile za plastiki za kutupa, zenye nyembe mbili tatu zimepangana, ambazo ndo zilinimaliza mimi. Shingo yangu ilikuwa kama ganda la fenesi, siongezi chumvi.

Mi kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani Kilimanjaro. Kuna Mjerumani mmoja nilimpandisha kwa njia ya Machame, tuliposhuka Moshi akawa anagawa vitu kama wanavyofanya, soksi, tochi, glavu, mi akanipa kimashine cha chuma, kifupi, kizito, halafu kichwa kimepinda. Nikajua kimeangukiwa na begi. Nikatafuta plaizi nikinyooshe, bahati nzuri plaizi ya jirani ilikuwa imeazimwa. Kumbe ndivyo kilivyotengenezwa, ni Merkur 37C, mashine ya mshazari, wenyewe wanaiita slanti. Tangu hapo nimeshika nyingine kadhaa, nimejikata, nimejifunza, na hapa nakupa njia ninayotumia kujua ipi inafaa ngozi gani.

Kwanza tuelewane slanti ni nini. Mashine ya kawaida ya wembe wa makali mawili inashika wembe sawa kabisa, ukivuta chini makali yanaugonga unywele uso kwa uso. Slanti inaushika wembe ukiwa umeinama, upande mmoja uko juu kidogo ya mwingine, kwa hiyo unywele haugongwi, unachanjwa. Aliyekulia uchagani anaijua hii, mama akikata mgomba wa kulishia ng'ombe halitui panga likiwa sawa sawa, analipeleka mshazari na mgomba unaachia kwa pigo moja. Ile mashine ya Ufaransa ya kukatia watu vichwa, iliyoanza kazi 1792, nayo kisu chake kilichongwa mshazari kwa akili hiyo hiyo (samahani kwa mfano).

Jambo la pili ambalo watu hawalioni ni kwamba slanti nyingi, Merkur ikiwemo, zinaupinda wembe kabisa, zinausokota kidogo. Wembe wenyewe ni mwembamba mno, unene wake milimita 0.1, ukiuacha bapa unacheza cheza unapokutana na ndevu ngumu. Ukiupinda unakakamaa. Fikiria bati bapa na bati la migongo, lipi linayumba upepo ukija? Ndo hivyo. Unachopata hapo ni nguvu ndogo ya kukata na wembe usiotetemeka, basi, na kama kuna mtu anakuuzia slanti akikwambia inanyoa mpaka mizizi, mwambie mizizi ndo hutaki iguswe, nitaeleza mbele.

HATUA YA 1: Jua unalinganisha nini na nini

Usikurupuke na jina. Shika mashine, fungua, angalia mambo manne: wembe unatokeza kiasi gani nje ya kofia (kile kipande cha juu kinachofunika wembe), mwanya kati ya wembe na bamba la chini ni mkubwa kiasi gani, bamba lenyewe lina ukingo mzima au lina meno kama kitana, na imetengenezwa kwa madini gani. Mpini ni suala la mkono wako tu, unaweza hata kubadilisha.

Zile ninazoweza kuzizungumzia: Merkur 37C inatoka Solingen Ujerumani, mji ambao kazi yake ni visu na nyembe miaka na miaka. Ni kali kiasi, ina sauti, unasikia ndevu zinavyokatika kama mtu anakwangua sufuria. Mpini mfupi mnene. Ndugu yake 39C ana kichwa kile kile ila mpini mrefu mzito, wanamwita nyundo, na kweli ukiwa na mkono mzito kama wangu uzito ule unakusukuma kukandamiza bila kujua. RazoRock nao wana German 37, jina lenyewe linakwambia ukoo wa kichwa. Parker Semi Slant, inatengenezwa India, mshazari wake ni mdogo, ni mpole, na mi mtu akiniuliza aanze na ipi namwelekeza huko bila kufikiria mara mbili. iKon 102 ni ya chuma kisichoshika kutu, pole kuliko inavyoonekana ila bei yake inauma. Halafu kuna Waitaliano, Fatip, wana moja inaitwa Lo Storto, maana yake yule aliyepinda, hiyo bamba lake lina meno, na meno yanasaidia ndevu ndefu zipite zisizibe.

Kwenye madini, nyingi za bei ya kati ni mchanganyiko wa zinki uliomiminwa kwenye kalibu kisha ukapakwa kromu juu. Ni nzuri tu, lakini ukiidondosha kwenye vigae vya bafuni inaweza kuvunjika pale kwenye nati, na kromu ikibanduka zinki ndani inaanza kuliwa. Nilinunua moja ya bei chee mtandaoni, siitaji jina, baada ya miezi minne ilikuwa na madoa kama sufuria ya makande. Chuma kisichoshika kutu utairithisha mtoto.

HATUA YA 2: Funga kila kitu kingine

Hapa ndo watu wote wanaharibu. Mtu anajaribu mashine A Jumatatu na wembe wa kwa Mangi uliokaa kwenye kibati tangu sensa, Ijumaa anajaribu mashine B na Feather mpya ya Japani, halafu anakuja kutuambia B ni kiboko. Bana, umelinganisha nyembe, hujalinganisha mashine.

Chukua paketi moja ya nyembe, aina moja, na kila mashine ipate wembe mpya kutoka paketi hiyo hiyo. Aina yoyote ya makali mawili itaingia, maana umbo hili linatokana na kazi ya King Camp Gillette, yule Mmarekani aliyepata hataza yake 1904, na nyembe za leo zote zina upana wa milimita 22 hivi. Ila kwa slanti usianze na Feather. Ni kali sana, na slanti haihitaji ukali huo, tena raha ya slanti ni kwamba wembe wa kawaida unafanya kazi kama wa juu yake. Derby, Astra, Nacet, vinatosha kabisa.

Sabuni iwe moja, maji ya moto yale yale, na ndevu ziwe na umri mmoja. Mi natumia siku mbili. Ndevu za siku moja na za siku tano ni wanyama wawili tofauti.

Kuhusu maji, maana Arusha kuna maneno mengi: ile floraidi ya maji ya huku inayotuchora meno haina shida na povu. Kinachoua povu ni chokaa, na kama birika lako linafanya ukoko mweupe ndani basi ujue unayo, tumia maji ya mvua au ongeza sabuni.

HATUA YA 3: Weka wembe vizuri, usinyooshe kilichopinda

Geuza kofia juu chini, weka wembe juu yake, weka bamba, funga mpini, huku umeshika wembe kwa zile ncha fupi zisizo na makali. Kisha angalia kwa mbele. Utaona upande mmoja wembe umetokeza zaidi kulia kuliko kushoto na roho itashtuka. Tulia, ndivyo ilivyo. Namna ya kuhakikisha umekaa sawa ni hii, geuza mashine nusu mzunguko uangalie makali ya pili, lazima uone picha ile ile. Kama kulia kwa upande wa kwanza kumetokeza na ukigeuza kulia kwa upande wa pili nako kumetokeza kiasi kile kile, uko sawa. Kama haifanani, fungua anza upya. Usinyoe hivyo hivyo ukisema leo tu, makovu mawili kwenye taya yangu yalikuja kwa "leo tu".

HATUA YA 4: Jua ndevu zako zimelala wapi

Acha ndevu siku mbili, pitisha kiganja mashavuni na shingoni pande zote. Pale kinapoteleza unafuata ndevu, pale kinapokwaruza unazipinga. Usidhani zote zinashuka chini. Zangu shingoni upande wa kushoto zinaelekea sikioni, na chini ya kikoromeo zinapanda juu, yaani miaka yote nilikuwa nazipinga pale nikidhani nazifuata, na vipele vyangu vingi vilikuwa hapo hapo. Chora kwenye karatasi ukitaka. Mi nilichora nyuma ya fomu ya wageni, bosi akaniuliza hii ni njia gani mpya ya kupandia.

HATUA YA 5: Nyoa nusu kwa nusu

Sasa kazi yenyewe. Nawa uso kwa maji ya moto dakika mbili tatu, hasa mwezi wa sita na wa saba Arusha ikiwa imefunga na bomba linatoa barafu, usijaribu kunyoa kwa maji yale. Unywele ukinywa maji unalainika na kukatika kwa nguvu ndogo sana, hiyo ni nusu ya kazi na ni bure. Piga povu kwa brashi mpaka liwe zito kama uji wa mgonjwa, si mapovu makubwa ya kufulia. Sabuni ya mche weka pembeni, inakausha.

Mashine A nusu ya kulia, mashine B nusu ya kushoto. Siku hiyo hiyo, uso huo huo, povu hilo hilo. Hakuna kulinganisha kwa kumbukumbu, kumbukumbu ya maumivu inadanganya.

Laza kofia shavuni kabisa, mpini ukiwa umesimama kama unaelekea ukutani, halafu shusha mpini taratibu mpaka usikie makali yameanza kushika. Itakuwa nyuzi 30 hivi, ila usipime kwa macho, pima kwa sikio. Vuta kidogo kidogo, sentimita mbili tatu, unaacha. Na sasa sikiliza kwa makini: usikandamize. Uzito wa kichwa ndo nguvu yenyewe. Njia niliyojifundishia ni kushika mpini kwa vidole viwili mwishoni kabisa kama unashika mkia wa panya aliyekufa. Ukiona bado unahitaji kusukuma basi ama wembe umekwisha ama unywele haujalainika ama hujapata pembe, nguvu siyo jibu.

Kosa la pili la wageni wa slanti: wanavuta kwa mshazari. Mashine imeshainama yenyewe, ukiivuta na wewe kiupande, kwa mwelekeo mmoja unaongeza mchanjo mpaka inakata ngozi, kwa mwelekeo mwingine unaufuta kabisa na inakuwa mashine ya kawaida uliyonunua kwa bei ya ajabu. Vuta wima. Iache ifanye ujanja wake.

Raundi ya kwanza fuata ndevu zilivyolala. Paka povu tena. Raundi ya pili kata kwa upande, siyo kupinga. Halafu simama. Najua mikono itakuwasha kwenda raundi ya tatu juu ndevu zikija, kwa sababu shavu linakuwa karibu kama la mtoto na unataka liwe la mtoto kamili. Sisi wenye ndevu za kipilipili tunalipa hiyo. Unywele uliojikunja ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ukianza kurudi unakunjia humo humo, unatoboa ngozi kutoka ndani au unatoka na kurudi kujichoma, mwili unauona ni mwiba, ndo kipele. Zile mashine za nyembe nyingi zinafanya hivyo makusudi, wembe wa kwanza unavuta unywele wa pili unaukata, ukirudi umeshazama. Na ndo maana pia usivute ngozi na vidole mpaka ikakaza kama ngoma.

Ukimaliza andika kwenye simu, maneno manne tu kwa kila upande: nguvu niliyotumia, kelele, sehemu zilizobaki, damu. Kisha wiki inayofuata, hii wengi wanaisahau, BADILISHA PANDE. Kama unatumia mkono wa kulia, shavu moja unalinyoa vizuri kuliko lingine siku zote, kwa hiyo mashine iliyopewa shavu hilo inapendelewa. Rudia angalau mara nne, mbili kila upande, wembe ukibadilishwa kwa pamoja. Mi nabadilisha baada ya kunyoa mara nne, wengine wanafika sita saba.

HATUA YA 6: Shabu

Suuza kwa maji ya baridi, pitisha jiwe la shabu lililolowa, pande zote mbili. Kipande ni hela ndogo sokoni. Shabu inafunga vidonda vidogo lakini hapa ina kazi nyingine, ni shahidi. Mahali ulipokandamiza panawaka, mahali ulipokwenda pole hapasemi kitu. Upande gani umewaka, andika. Spiriti ya kinyozi usitumie kwa kipimo hiki, yenyewe inawaka popote, haina ubaguzi. Paka mafuta kidogo, maliza.

Nyembe zilizotumika weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko, zikijaa tafuta namna salama, siyo kutupa shimoni watoto wanapochezea. Na mashine ya wembe haiazimwi. Hata kwa kaka. Virusi vya homa ya ini na UKIMWI havijali undugu.

HATUA YA 7: Hukumu siku ya tatu

Hapa ndo pana jambo lililonifanya niandike yote haya. Ukisoma watu wa nje wanavyolinganisha slanti wanahukumu dakika ile ile, anapapasa shavu anatoa maksi. Kwa ndevu zilizonyooka sawa. Kwetu dakika ile haikwambii kitu, kila mashine inaonekana nzuri ukiwa na povu bado masikioni. Subiri siku mbili hadi tatu, simama dirishani asubuhi, hesabu vipele kulia, hesabu kushoto. Hesabu kweli, usikadirie.

Mi nilipohesabu nilishangaa. Merkur ilikuwa imeshinda kila kitu siku ya kunyoa, laini, haraka, raundi mbili nimemaliza. Siku ya tatu upande wake wa shingo ulikuwa na vipele tisa, upande wa Parker vinne. Nikabadilisha pande, matokeo yakahama na mashine. Mashavuni hakukuwa na tofauti yoyote. Yaani shida haikuwa uso mzima, ilikuwa ni shingo peke yake, na kwa Merkur nikipita shingoni raundi moja tu vipele vinashuka mpaka vitatu au viwili. Hiyo hutaipata kwa kusoma maoni ya mtu mwenye ngozi nyingine.

Kama una vipele vyenye usaha, au vimeanza kuvimba na kuwa makovu magumu yanayokua, achana kabisa na mwongozo huu na usinyoe kwanza. Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, nenda ukaonwe.

KIPIMO CHA NYONGEZA: ndevu za wiki

Hiki ni kwa wenye kazi kama yangu. Machame ni siku sita au saba, huko juu sinyoi, maji ni ya kunywa na ya kupikia na baridi ya kambi ya Barafu hairuhusu upuuzi. Nikishuka nina kichaka. Hapo mpole anapata shida kidogo, Parker inaziba na povu na nywele, nasuuza kila mvuto, wakati Merkur inapita kama inafyeka. Ile ya Fatip yenye meno, ya rafiki yangu wa Majengo, nilipewa kwa siku moja (nikaweka wembe wangu, kabla hamjaniuliza) ilikuwa bora kuliko zote kwa kichaka hicho, ila kwa ndevu za siku mbili iling'ata.

Kusafiri nayo ni rahisi, mashine bila wembe kwa kawaida haina tatizo kwenye begi la mkononi ukipitia uwanja wa ndege wa KIA, ila nyembe zenyewe weka kwenye begi la kupakia, ukizisahau mkononi utaziacha pale mezani.

Mpaka leo ninazo mbili bafuni. Parker ni ya wiki za mjini, Merkur inatoka siku ninayoshuka mlimani, mashavu raundi mbili, shingo moja. Ile ya madoa nilimpa dogo mmoja fundi, anatumia mpini wake kwenye tupa.